Waya Uliorudishwa Kazini

Norman alipindua meza. Ilikuwa meza ya chuma, na kona yake ikamkuta Sajini Twagirayezu gotini. Sajini akaguna, akamrukia, wote wawili wakajibamiza ukutani. Inspekta Kabagwira aliinua kikombe chake cha chai kisimwagike, akasubiri. Alisubiri mpaka kijana akaishiwa pumzi, shavu lake limebanwa kwenye saruji na damu inamtoka puani.

"Umemaliza?" akauliza.

"Sikumuua!"

"Hilo sijauliza. Nimeuliza kama umemaliza, ili tuinue meza."

Wakaiinua. Norman alikuwa fundi gereji wa Batsinda, miaka ishirini na nne, mabega kama mlango. Jumamosi saa sita mchana watu wa Nyakabanda walimkuta amepiga magoti ndani ya duka la kompyuta, amempakata mwenye duka, Ngabo. Ngabo alikuwa maiti. Shati la Norman lilikuwa limelowa damu mpaka kwenye mkanda. Leo ilikuwa Jumatatu, na saa nane faili lilikuwa linaondoka kwenda kwa mwendesha mashtaka, jina la Norman juu yake.

"Anza na Ijumaa," Kabagwira akasema.

"Ijumaa nilimpiga."

"Kwa nini?"

Norman akaangalia sakafu.

"Norman. Nina mpaka saa nane. Wewe pia."

"Iko mtu alimtumia dada yangu picha." Sauti ilishuka. "Picha zake mwenyewe, Umuhoza, yuko chumbani anabadilisha nguo. Zimepigwa na kamera ya laptop yake na yeye hajui. Akamwambia asipotuma zingine, hizo zinaenda shuleni kwao. Na ile laptop ilitengenezwa kwa fundi mmoja tu. Ngabo."

"Ukamfanya nini?"

"Nilimpiga ngumi ya mdomo. Meno mawili yalitoka."

"Jumamosi ukarudi."

"Kumalizia."

Sajini Twagirayezu, anajisugua goti, akacheka. "Umesikia, Afande? Kasema mwenyewe, mimi sijamgusa."

"Nilikuta wamenitangulia!" Norman akapiga meza kwa ngumi zote mbili. "Kichwa kimefunguka. Nilimwinua kwa sababu nilidhani anapumua. Mtu niliyekuja kumvunja, nikaanza kumwita jina. Andika hiyo pia."

Kabagwira akaiandika.

*

Ripoti ya daktari ilikuwa fupi. Ngabo alipigwa kwanza kichwani na stabilaiza, lile boksi zito la kulinda umeme, mapigo matatu. Hakufa. Akanyongwa kwa waya. Alama ya shingoni ilikuwa nyembamba, imezunguka yote, na chini ya sikio la kushoto kulikuwa na shimo la mviringo, ukubwa wa kifundo cha kidole.

Stabilaiza ilipatikana palepale, imefutwa na kitambaa. Waya haukupatikana. Tangu Jumamosi watu wa Sajini walikuwa wanachokoa mitaro ya Nyakabanda kwa fimbo, wanafungua mifuko ya takataka, wamepanda mpaka juu ya mabati.

Kabagwira na Sajini walifika dukani saa tatu na nusu. Jirani wa Ngabo alikuwa Mama Swafiya, fundi cherehani, mwanamke wa Kiislamu aliyezaliwa mtaa uleule, na pasi yake ya mkaa ilikuwa inafuka mlangoni.

"Karibu mwanangu. Kaa, ila usikalie vitenge vya watu."

"Mama, Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Wapi tena, si umuganda, kazi ya mtaa ya kila mwezi! Mtaa mzima tulikuwa chini kule tunazibua mtaro, saa mbili mpaka saa tano. Ngabo hakuja. Mdomo wake ulikuwa umevimba kama mkate. Ijumaa jioni alinawa damu kwenye beseni langu, hili hapa. Nikamwambia nenda polisi. Akasema, hapana Mama, yule kaka ana haki ya kukasirika, ila kakosea mtu. Kesho nitamwonyesha."

"Kakosea mtu? Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo huo huo uliovimba." Swafiya akafungua droo ya cherehani, akatoa kipande cha kitenge kilichofungwa fundo. "Haya alinipa nimtunzie. Alisikia ukiyaweka vizuri daktari anaweza kuyarudisha. Sasa mimi nimekaa na meno ya maiti, siwezi kutupa, siwezi kulala. Chukua wewe."

Kabagwira akayatia mfukoni.

"Laptop za wateja, alikuwa anatengeneza peke yake?"

"Peke yake. Isipokuwa alipofiwa na mama yake, mwezi wa pili. Wiki mbili wateja wake walipokelewa na Mucyo, pale mlango wa tatu. Walikuwa marafiki wakati huo. Baada ya Pasaka hata salamu hakuna. Sijui waligombea nini."

*

Simu ikaita. Ilikuwa Kaze, binti wa kitengo cha kompyuta, na alikuwa anaongea haraka kama kawaida yake.

"Afande, laptop ya Ngabo nimeipasua. Sio kupasua, nimeisoma. Ndani yake kuna kompyuta ingine."

"Nyingine ndani? Vipi?"

"Ni programu. Mafundi wanaiita VM, wewe sema mashine ya ndani. Inajidhani ni kompyuta kamili. Ukitaka kuchunguza kirusi unakifungia humo, kinakimbia kimbia, hakitoki nje."

"Kama kuku kwenye kizimba."

"Kama chui, Afande. Sasa shida yake, inakula. Laptop hii ina ram, yaani kumbukumbu ya kazi, giga nane. Ngabo aliipa mashine ya ndani giga sita, alidhani ikishiba itakimbia. Ya nje ikabaki na mbili. Inakufa njaa, na ikifa njaa zote mbili zinatambaa. Ndio kosa la watu wengi. Sasa sikiliza saa. Jumamosi, saa tatu na dakika arobaini na moja, chaja imechomolewa. Saa tatu na hamsini na mbili, imechomekwa tena. Saa nne kasoro mbili, kuna mtu ameizima mashine ya ndani, ameipunguza kutoka giga sita mpaka nne, prosesa kutoka nne mpaka mbili, akaiwasha tena. Halafu akaanza kufuta."

"Kufuta nini?"

"Kila kilichokuwa humo. Lakini Ngabo alikuwa ameweka nakala ya mashine nzima Ijumaa usiku, na nakala ya aina hiyo haifutiki haraka, hasa kwenye diski ya bei rahisi kama hii. Ilifika asilimia arobaini. Saa tano kasoro kumi akaikatisha."

"Umuganda ulikuwa unaisha. Watu wanarudi."

"Naitengeneza ile nakala, ila mpaka jioni."

"Saa nane faili linaondoka, Kaze. Norman anajua mambo ya prosesa?"

"Norman anajua giaboksi."

Kabagwira akakata simu, akasimama katikati ya duka. Doa la damu lilikuwa bado sakafuni, jeusi, lina ukingo kama ramani. Dakika kumi na moja. Chaja imetoka, dakika kumi na moja, chaja imerudi.

"Sajini, wakati tunaingia humu Jumamosi, laptop ilikuwa wapi?"

"Juu ya meza. Inachaji. Taa ya kijani inawaka, nikaichomoa mimi mwenyewe nikaitia kwenye mfuko."

"Na waya wa chaja?"

"Mfuko huohuo. Kaze alichukua laptop tu, waya bado uko kwenye gari. Kwani..." Twagirayezu akakimbia kwenye gari.

Waliufungua na glavu juu ya karatasi nyeupe. Karibu na ncha ya waya palikuwa na kinundu cheusi cha plastiki, mviringo, ukubwa wa kifundo cha kidole. Ulikuwa umefutwa vizuri, lakini pale kinundu kinapokutana na waya kuna mwanya mdogo, na kwenye mwanya kulikuwa na ngozi iliyokauka na nywele mbili fupi.

"Mana yangu, ee Mungu," Sajini akasema. "Siku mbili tunachokoa mitaro."

"Mtu akiua kwa hasira anatupa waya. Huyu ameutoa shingoni, akaurudisha kazini."

"Kwa nini lakini?"

"Ndio swali."

"Na kwa nini asibebe tu laptop akaenda kuitupa?"

"Saa nne ya umuganda? Barabara tupu, watu wa usalama wako kila kona. Ukipita na begi unaulizwa mbona hushiki jembe. Angeivunja, tungejiuliza ndani kulikuwa na nini. Alitaka tuione inawaka, inachaji, nzima, tuiache. Kilichobaki ni kuisafisha hapahapa, marehemu yuko miguuni." Akavua glavu. "Mwambie Kaze atie nakala ya diski ya Ngabo kwenye laptop ya aina moja na ile, ailete. Mashine ya ndani airudishe kwenye giga sita na prosesa nne, kama alivyoiacha Ngabo. Isichajiwe. Halafu niitie Mucyo. Mwambie polisi wameshindwa kompyuta, wanaomba msaada."

*

Mucyo alikuja na shati safi, anatafuna bigijii. Mrefu, mpole, kiganja cha kulia kimebandikwa plasta.

"Pole na msiba," Kabagwira akasema.

"Asante, Afande. Ingawa mimi na Ngabo tulikuwa hatusalimiani. Tangu Pasaka sijakanyaga humu. Laptop yake sijui hata rangi."

"Mkono umefanya nini?"

"Jembe. Umuganda. Angalia mtaa mzima, kila mtu ana malengelenge."

Ilikuwa kweli. Hata Swafiya alikuwa nayo. Lakini jembe linachubua chini ya vidole. Plasta ya Mucyo ilikuwa imekata kiganja katikati, mstari mmoja, kutoka upande huu mpaka ule. Kabagwira akamvutia kigoda cha Ngabo.

"Hii kitu inatutesa. Kuna kompyuta ndani ya kompyuta, ukibonyeza inalala."

"Yewe, polisi mna kazi." Mucyo akacheka, akakaa. Kigoda kilikuwa hatua moja kutoka kwenye doa, na alipokaa, miguu yake ikaenda upande wa pili bila yeye kuangalia chini. "Chaja iko wapi?"

"Lazima chaja? Betri iko nusu."

"Lazima. Ukiwa kwenye betri, laptop inajibana ili isimalize moto wa betri. Prosesa inashuka nusu. Kwa kazi ndogo huoni. Kwa mashine ya ndani, unaona. Bila chaja utazeeka hapa."

Sajini Twagirayezu, mlangoni, akakohoa. Kabagwira akatoa chaja nyingine kwenye begi, akampa. Mucyo akachomeka. Akachukua visanduku viwili vya kiberiti kwenye rafu, akavisukuma chini ya laptop upande wa nyuma.

"Hii ni nini?"

"Ipumue. Ikipata joto inajipunguza yenyewe." Vidole vyake vilikuwa vinakwenda. Alifunga kivinjari, akafunga programu tatu zilizokuwa zinajifungua zenyewe, akazuia antivirusi isichungulie folda la mashine ya ndani. Hakumwuliza mtu. Uso wake ulikuwa umetulia, kama wa mtu anayechambua mchele. "Watu wanalia wanataka laptop mpya. Hata hii inatosha. Unagawa tu kwa akili. Nusu ya ndani, nusu ya nje, basi."

Akaiwasha mashine ya ndani. Kidude cha duara kikaanza kuzunguka katikati ya skrini nyeusi. Kikazunguka. Feni ikaanza kulia. Dakika moja ikapita. Mucyo akagonga meza kwa kidole. Dakika mbili. Akavuta pumzi kupitia meno.

"Si ungeiacha tu," Kabagwira akasema. "Itafunguka."

"Haifunguki hii, sha! Nimeshafanya kila kitu." Akaizima kwa nguvu, akafungua mipangilio, akaona namba, na kiganja chenye plasta kikapiga paja. "Rwose! Nani tena ameirudisha sita?"

Feni ililia peke yake.

Bigijii ilisimama mdomoni mwa Mucyo.

"Imerudishwa kutoka ngapi?" Kabagwira akauliza.

Mucyo alichukua bisibisi iliyokuwa mezani.

Ilimwingia Kabagwira kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, ikatokea upande wa pili. Alisikia ikigusa mfupa. Mucyo aliiacha humo, akampiga teke la tumbo, akageuka kwa Sajini aliyekuwa anakuja na akamrushia kigoda. Kikamkuta Twagirayezu kwenye lile goti la asubuhi. Mguu ukakunjika, akaanguka kwenye mlango na mlango ukajifunga na yeye yuko nje.

Kabagwira alikuwa anatafuta bastola kwa mkono mmoja. Waya ukapita mbele ya macho yake. Ni chaja ileile aliyompa yeye mwenyewe. Ukakaza shingoni, goti likaingia mgongoni, na ghafla hakukuwa na hewa.

"Alikuwa anachungulia vitu vyangu," Mucyo akasema sikioni kwake, taratibu, kama bado anafundisha. "Nilimwambia achana navyo. Nilimwomba."

Kabagwira akaona doa la sakafuni likija karibu. Akachomoa bisibisi kwenye mkono wake mwenyewe. Damu ikafuata kama bomba. Akaipiga nyuma, mara moja, mara mbili. Ya pili ikazama kwenye paja. Mucyo akapiga kelele lakini hakulegeza. Nyota zikaanza.

Dirisha la pembeni, lile dogo la kupitishia vyombo kati ya maduka mawili, likafunguka kwa kishindo. Pasi ya mkaa ikapita kwanza, halafu mkono wa Swafiya. Alimpiga Mucyo nayo usoni, chuma chote, moto wote. Kifuniko kikafunguka. Mkaa ukamwagika shingoni mwake, ukaingia kwenye shati safi.

"Mwuaji wewe! Mtoto wa watu!" Swafiya akapiga tena. "Na kahawa yangu unakunywa kila siku!"

Waya ukalegea. Kabagwira akavuta hewa, ikaingia kama misumari. Mucyo alikuwa anajikung'uta mkaa, analia, shavu limeiva mchoro wa pasi. Sajini akauvunja mlango kwa bega, akampiga kitako cha bunduki kwenye taya. Taya likasikika. Akampiga tena.

"Inatosha," Kabagwira akasema. Sauti ilitoka kama ya mzee. "Sajini. Inatosha."

Walimfunga pingu mikono nyuma. Kabagwira akaketi sakafuni, anabana mkono kwa kipande cha kitenge alichorushiwa na Swafiya, akaangalia saa. Saa sita na robo.

"Afande," Sajini akasema, anahema. "Waya. Alirudisha waya ili iende haraka?"

"Kamnyonga mtu, mashine ikaanza kutambaa kwa sababu iko kwenye betri. Hakuvumilia. Fundi mzuri." Akatema damu. "Piga simu. Faili lisiondoke."

*

Kaze aliifungua nakala ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kirusi kilikuwemo, kizima, ndani ya kizimba chake. Kila picha kiliyoiba kilikuwa kinaipeleka kwa Mucyo. Wasichana kumi na tisa, laptop zote zilipita mikononi mwake zile wiki mbili za msiba. Ngabo alikuwa ameandika kila kitu.

Norman aliletwa kwenye chumba kilekile. Kwenye benchi la nje dada yake, Umuhoza, alikuwa amekaa na kofia imemfunika macho.

"Picha zake ziko wapi?" Norman akauliza kabla ya kukaa.

"Zimefungwa. Kaze peke yake ana ufunguo, na ni mwanamke."

Norman akaitikia kwa kichwa, akaangalia mkono wa Kabagwira uliofungwa bendeji, alama ya waya shingoni. "Pole, Afande."

Kabagwira akamsukumia karatasi moja. Ilikuwa orodha ya mafolda ya Ngabo, na moja lilikuwa limepigiwa mstari. Jina lake lilikuwa "Ya kumwonyesha kaka yake Umuhoza".

Norman akasoma. Akasoma tena, midomo inacheza.

"Hii kaandika lini?"

"Ijumaa. Saa tano usiku."

"Baada ya mimi..."

"Baada ya wewe."

Sajini alisogea karibu na meza, tayari kuishika. Norman hakuigusa. Ngumi zake zilikuwa juu ya magoti na alikuwa anaziangalia kama vitu alivyookota njiani.

Kabagwira akaingiza mkono mzima mfukoni, akatoa kile kipande cha kitenge chenye fundo, akakiweka katikati ya meza.

"Anazikwa kesho saa nane," akasema. "Haya ni yake. Nilidhani utapenda kuyapeleka mwenyewe."

Ilichukua muda kijana kuelewa. Alipoelewa alifungua ngumi zake, akayapokea kwa mikono miwili.